Upepo wa Kusini Ndio Mwenye Ziwa

Mwezi wa Aprili 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walitoka Ujiji kwa mitumbwi kuelekea kaskazini, wakiambaa na ufuko wa Burundi. Walikuwa wakitafuta Mto Rusizi, wajue kama unatoka ziwani au unaingia. Ukiwa unatoka, huenda ndiyo njia ya kwenda Nile. Walipofika Uvira wenyeji wakawaambia kwamba unaingia, na habari ikaishia hapo. Kabla ya kufika Uvira walikuwa wamekata ziwa na kutua Ubwari, upande wa Congo, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Si kisiwa. Ni rasi ndefu iliyoshikana na bara kwa upande wa kusini, na ghuba iliyo kati ya rasi hiyo na bara, ile yenye mji wa Baraka, ndiyo leo inayoitwa Ghuba ya Burton. Ramani nazo zina utani wake.

Kosa lenyewe linaeleweka. Ukisimama ufukweni Gatete, tarafa ya Rumonge, siku ambayo ukungu wa kiangazi umepungua, Ubwari unauona ng'ambo umejitenga peke yake, ungeapa kwamba maji yameuzunguka. Rafiki yetu wa Diani, pwani ya Kenya, tuliyekuwa naye safarini, aliapa. Yeye amekulia nyuma ya mwamba wa matumbawe, mahali ambapo bahari hupigana mbali huko nje na kinachofika mchangani ni mabaki tu, kwa hiyo swali lake la kwanza alipoliona ziwa lilikuwa swali la mtu wa pwani: sasa kinga iko wapi? Hakuna kinga. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na upana wa wastani wa kilomita 50. Ni ufa wa ardhi uliojaa maji, umelala kaskazini kwa kusini, milima huku na huku, na upepo ukishaingia kutoka upande wa Zambia unakuja moja kwa moja hadi Burundi. Mawimbi tuliyocheza, samaki tuliokula na wale tuliowakosa, vyote vilitoka kwa upepo huo.

Tulikuwa tunataka mambo mawili ambayo siku hizi hayapatani: mawimbi na samaki. Mawimbi mazuri huja kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini unapovuma siku nyingi mfululizo. Lakini nchi nne zenye ziwa, yaani Burundi, Congo, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika kwamba uvuvi usimame kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Tanzania ilianza kufunga kwa kipindi hicho mwaka 2024. Kwa hiyo anayekwenda Julai atapata maji ya kuchezea na sahani tupu, na anayekwenda Novemba atapata ndagala na mvua. Tukachagua Septemba, mkia wa kiangazi: upepo bado haujaisha, mitumbwi imeshateremshwa majini. Halafu tukatazama kalenda ya mwezi, maana hilo nalo lina uzito wake, kama tutakavyoona.

Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita 75 hivi kwa barabara ya taifa namba 3, lakini mafuta ya gari Burundi yamekuwa adimu kwa miaka sasa, na safari inapimwa kwa kupatikana kwa dereva mwenye petroli. Wa kwetu alikuwa na Probox na busara ya kutotuuliza kitu kuhusu ubao wa mawimbi tulioufunga juu ya paa. Askari wa kizuizi cha kwanza aliuliza. Aliuzunguka, akaugonga kwa kidole, akasikiliza sauti yake, akataka kujua ndani kuna nini. Hamna kitu, afande, ni povu. Povu la kufanyia nini? La kusimama juu ya maji. Akatutazama mmoja mmoja, akakirudia kitambulisho cha Mkenya mara ya pili, kisha akatuachia kwa sura ya mtu ambaye ana kazi nyingine za maana.

Barabara hii ni nzuri kuiona na ngumu kuiamini. Upande wa kushoto mlima umesimama wima. Pale Gitaza uliporomoka mwaka 2015 ukafunika nyumba na watu. Upande wa kulia ziwa limekuwa likipanda. Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024 mvua na mafuriko viliathiri watu zaidi ya 200,000 nchini, na mitaa ya chini ya Gatumba, Bujumbura na Rumonge ikaingiwa na maji. Bado unaona kuta zilizobaki nusu, na michikichi iliyokufa ikiwa imesimama majini. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inataka mita 150 kutoka ziwani ziachwe bila ujenzi. Ukipita pale unaelewa kwamba sheria ile haikuwa ya kupamba vitabu, na pia unaelewa kwa nini watu walijenga: kati ya mlima na maji hapakuwa na pengine.

Minago ukiipita, hewa inabadilika. Ni harufu ya mawese. Rumonge ndiyo nchi ya michikichi ya Burundi, na msimu wa kukamua mafuta moshi wa mapipa yanayochemka hutanda hadi barabarani. Mji wenyewe ni wa Waswahili tangu zamani, wa biashara ya ziwani na Ujiji, Uvira na Baraka. Kuna misikiti, kuna kofia, kuna Kiswahili sokoni kinachochanganyika na Kirundi bila kuomba ruhusa. Mwaka 2015 Rumonge ikawa mkoa, na mwaka 2025 mikoa ilipopunguzwa ikabaki mitano, ikaingizwa katika mkoa mpya wa Burunga. Wavuvi tuliozungumza nao hawakuona tofauti.

Sasa mawimbi.

Asubuhi Gatete ziwa ni shwari kabisa. Mtu wa Diani alilitazama akanywa chai yake bila kusema neno, na tulijua anahesabu nauli aliyolipa. Saa tano upepo ukaanza kupapasa. Saa nane mistari myeupe ilikuwa imejaa kuelekea kusini na maji yalikuwa yanapiga ufuko kwa pembeni, wimbi moja juu ya jingine.

Wimbi la upepo linataka vitu vitatu: nguvu ya upepo, muda wa kuvuma, na umbali wa maji yaliyo wazi mbele yake. Ziwa hili lina umbali wa kutosha, lakini halina muda ule wa baharini. Wimbi linalopasuka Diani laweza kuwa limezaliwa na dhoruba ya mbali kusini mwa Bahari ya Hindi, likasafiri siku nyingi likijipanga, hata likafika na mwenziwe nyuma yake baada ya sekunde kumi na zaidi. La Gatete limezaliwa asubuhi ile ile. Linafika likiwa bado na hasira, sekunde chache tu nyuma ya lililotangulia, halafu ufuko wenyewe una mteremko mkali, maana hili ni ziwa lenye kina cha mita 1,470 mahali penye kina kuliko pote, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal, na kina hicho hakianzii mbali. Kwa hiyo wimbi halipati nafasi ya kujikunja taratibu. Linasimama na kuanguka karibu na mchanga. Unalo lako kwa pumzi mbili, kisha umekaa mchangani na changarawe ndani ya kaptura.

Jambo jingine ambalo mtu wa bahari hulijua kwa mwili kabla ya akili: maji haya hayana chumvi, na maji yasiyo na chumvi hayakubebi vizuri. Ule ubao uliomtosha Kenya ulizama kidogo chini yake, akawa anapiga makasia ya mikono kwa shida mara mbili. "Ziwa zito hili," alilalamika. Ziwa si zito. Ni jepesi, ndiyo taabu yenyewe.

Hata hivyo alisimama. Si mara nyingi, lakini alisimama, na watoto wa Gatete walipoona mtu amesimama wima juu ya maji wakapiga kelele iliyowatoa mama zao majikoni. Mtoto mmoja alimuuliza kama ule ni mlango wa friji. Baada ya hapo ubao haukuwa wake tena. Na hapa ndipo nilipoona kitu kilichonipendeza kuliko mchezo wa mwenye ubao: watoto wale hawakuhitaji kufundishwa. Walikuwa wakifanya hivyo siku zote kwa madumu ya mafuta ya lita ishirini yaliyozibwa vizuri, kwa vipande vya mbao za mitumbwi iliyokufa, kwa kifua kitupu. Walijua wimbi lipi la kuliacha. Wanalala kifudifudi, wanasubiri mgongo wa maji uwainue, wanapiga teke moja, wanakuja nao hadi nchi kavu wakicheka.

Watu hudhani mchezo huu ni wa Hawaii na California, na sisi tumeukopa juzi. Katika miaka ya 1640 Mjerumani Michael Hemmersam aliandika kwamba kwenye ufuko wa Ghana ya leo wazazi waliwafunga watoto wao kwenye mbao na kuwatupa majini wajifunze kuogelea. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yanayomtaja mtu juu ya ubao katika mawimbi. Wala si lazima pawe na bahari. Sheboygan, mji wa Wisconsin kando ya Ziwa Michigan, umekuwa na wacheza mawimbi kwa miongo mingi, nao huingia majini wakati wa baridi kali kwa sababu ndipo upepo unapofaa. Sisi tuna maji ya nyuzi joto 25. Kinachokosekana Rumonge ni ubao tu, na fundi wa mitumbwi anayeweza kupinda ubavu wa mvule hawezi kushindwa na kipande cha mbao chenye urefu wa mtu.

Lazima niseme kuhusu mamba, maana ukitaja kuogelea katika maji haya mbele ya Mrundi yeyote utaulizwa kuhusu Gustave. Huyu ni mamba mkubwa aliyehesabiwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita sita, aliyeonekana Rusizi na kando ya ziwa kaskazini, na kulaumiwa kwa vifo vya watu wengi. Jina alipewa na Mfaransa Patrice Faye, aliyekaa Burundi miaka mingi na kujaribu kumnasa kwa tundu kubwa la chuma. Mamba hakuingia, na filamu ya jaribio hilo ikaonyeshwa mwaka 2004. Hollywood nayo ikatengeneza yake mwaka 2007, isiyo na thamani ya muda wako. Wavuvi humtaja Gustave kwa kicheko, lakini wanachokwambia kuhusu mamba wa kawaida na viboko wanakisema kwa uzito: usiogee penye matete, usiogee kwenye mdomo wa mto, usiogee jua likizama. Watoto hucheza mahali pamoja tu, penye mchanga mtupu na watu wengi. Tukacheza hapo hapo.

Rafiki yetu wa Kigoma hakuingia majini. Yeye alikuja na mshipi. Alikaa juu ya mawe upande wa kaskazini wa ufuko tangu alfajiri, kabla ya upepo, na chambo cha minyoo aliyochimba chini ya migomba, akiwa na subira ya watu wa Ujiji. Mawe ya Tanganyika yana samaki wadogo wa rangi, jamii ya perege, aina zaidi ya 200, na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Kuna wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono: dume analinda kombe lake, na ukilisogeza kwa kijiti anakuuma kijiti. Hao si wa kula. Aliyekuwa akimtafuta ni kuhe, mkubwa kuliko wote katika jamii hiyo, samaki mweupe wa dhahabu ambaye wazazi wote wawili hulinda watoto wao kundini mpaka wakue. Alimpata mmoja wa kilo kadhaa, akatupa somo refu kuhusu jinsi ambavyo upande wa Kigoma wangekuwa wakubwa zaidi. Kila mtu wa ziwa hili ana samaki wakubwa upande wake.

Tulimla kuhe yule kwa mawese, lengalenga na ugali wa muhogo. Mgebuka, ambaye Burundi huitwa mukeke na baa zote za Bujumbura huishi kwa jina lake, hatukumpata siku ile. Wa kumngojea ni usiku.

Uvuvi wa kweli wa ziwa hili hufanyika gizani, na neno giza hapa ni kalenda. Wavuvi huhesabu mwezi kwa vipande viwili: giza, ambalo ni kazi, na mbalamwezi, ambayo ni likizo ya lazima. Ndagala hushinda mchana katika maji ya chini. Usiku hupanda kufuata vijidudu anavyokula, na akiona mwanga huja kwake. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko kila mahali, hana sababu ya kuja kwenye taa yako. Zamani waliwasha moto wa kuni kwenye omo ya mtumbwi na kumchota kwa lusenga, wavu wa duara wenye mpini. Miaka ya 1950 yakaja makubwa mawili: Wagiriki wa Bujumbura wakaleta meli zenye nyavu za kuzungusha, na wavuvi wadogo wakaanza kuunganisha mitumbwi miwili kwa miti na kushusha wavu katikati chini ya taa za karabai. Chombo hicho ndicho kipe. Katika miaka ya 1980 kikazaa chombo kikubwa zaidi, chenye taa nyingi na wavu mpana zaidi, kikaitwa apolo, kwa heshima ya chombo cha mwezini. Meli za Wagiriki zimekwisha. Vipe na apolo vimebaki, vimezidi.

Mzee mmoja mwenye kipe alikubali twende naye, wawili tu. Mtu wa Diani alimsogelea kwa adabu zote za pwani, shikamoo mbele, akaomba awe wa kwanza. Mzee akampima kwa macho. "Mwanangu, wewe unajua kusimama juu ya maji. Usiku huu kazi ni kukaa." Akacheka yeye mwenyewe kwa utani wake, akampa koti.

Tuliondoka upepo ulipotulia, saa mbili usiku. Karabai zenye kutoa mlio na harufu ya mafuta ya taa hazipo tena. Sasa ni balbu za LED zilizofungwa kwenye miti mirefu, nyaya zinaingia kwenye betri za gari zilizofunikwa turubai. Wavu ukashushwa kwa kamba za pembe nne hadi ukapotea. Taa zikawashwa, na maji meusi yakawa ya kijani. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila wadudu wanaojigonga kwenye balbu na kuanguka. Kisha ukaona vumbi la fedha chini sana, likizunguka kwa upande mmoja, likinenepa. Mzee alizima taa za nje moja baada ya nyingine, bila haraka, akabakiza ile ya katikati, hata kundi lote likajibana chini yake. Akasema neno moja la Kirundi. Vijana wakashika kamba.

Kuvuta wavu ule ni kazi ya migongo. Wanavuta kwa mkupuo, miguu imebanwa kwenye ubao, na wimbo wanaoimba hauna maneno mengi, kazi yake ni kuwapa wote pumzi ya pamoja. Wavu ulipofika juu ndagala walikuwa wanachemka ndani, sauti yao ni kama mvua ya ghafla juu ya bati. Magamba yakaturukia. Ndagala mmoja ni mdogo, hafiki kidole cha kati, na magamba yake hayashiki. Ukimgusa tu yanabaki mkononi mwako, na kufikia saa nane usiku mikono ya watu wote ilikuwa inang'aa hadi kiwikoni. Ndani ya kundi kulikuwa na mukeke wachache, wembamba, meno nje, waliokuwa wamekuja kula na wakaliwa. Mzee aliwatenga kando. Hao huuzwa kwa bei yao.

Walishusha wavu tena, na tena. Mara ya mwisho kilichopanda kilijaza beseni nusu, na wengi walikuwa wachanga, wepesi kama nyuzi. Hakuna aliyesema kitu. Tulipohesabu taa ziwani tuliacha: kutoka Minago upande wa kaskazini hadi kule Nyanza-Lac ilipo, mstari wa taa ulikuwa haukatiki, na ng'ambo taa za Wacongo nazo zilikuwa zao.

Asubuhi wanawake walikuwa wanangoja na mabeseni, na bei ilipangwa kwa kelele kabla ya chombo kugusa mchanga. Wengine bado huanika ndagala chini, mchangani, na mvua ikinyesha hasara ni yao. Wengine hutumia vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, ambavyo FAO ilivieneza kwenye ufuko huu wa Burundi. Samaki hupigwa na hewa juu na chini, akauka mapema na bila mchanga wa kusaga meno. Ukitaka kujua ndagala unaowanunua Bujumbura walianikwa wapi, tafuna mmoja.

Sasa nirudi kwenye upepo, maana mambo mawili haya, mchezo wa mchana na kazi ya usiku, ni jambo moja. Ziwa hili lina uhai juu tu. Chini ya mita 100 hivi upande wa kaskazini, na zaidi kidogo ya 200 upande wa kusini, maji hayana hewa ya oksijeni, samaki haishi. Lakini ndiko mbolea yote iliko: kila kinachokufa huzama na kuoza huko. Kinachoirudisha juu ni upepo wa kusini. Kiangazi upepo huo husukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea Burundi, na huko Zambia maji baridi ya chini yakapanda kushika nafasi. Upepo ukikatika, maji yaliyolundikana kaskazini hurudi, ziwa lote likapepesuka polepole kwa majuma, na mbolea hupanda upande wetu pia. Hapo vijimea vya kijani huota, vijidudu hula, ndagala hula, mukeke humla ndagala, nasi tunakula wote wawili.

Tofauti ya joto kati ya juu na chini ni ndogo, nyuzi chache tu, lakini ikiongezeka kidogo maji ya juu yanakuwa mepesi mno na upepo unashindwa kuyachanganya. Ndilo lililotokea. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha utafiti wao katika jarida la Nature wakionyesha kwamba ziwa limepata joto na upepo umepungua nguvu, na kwamba uotaji wa vijimea huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kumaanisha asilimia 30 ya samaki. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walisoma tope la chini ya ziwa wakaona kwamba samaki walianza kupungua kabla ya meli za kibiashara kuja. Kwa hiyo mtu anayesema "ni wavuvi" ana nusu ya ukweli, na anayesema "ni hali ya hewa" ana nusu nyingine. Ziwa linatoa kidogo kuliko zamani, na taa zinazolidai ni nyingi kuliko zamani.

Ndiyo maana nauunga mkono ule mfungo wa miezi mitatu, na sisemi hivyo kwa wepesi. Mwenye kipe ana chombo, pengine ana shamba la michikichi, atakaa. Lakini vijana waliovuta kamba usiku ule hulipwa kwa mgawo wa samaki, na mgawo wa sifuri ni sifuri. Wanawake wa mabeseni nao wana mikopo isiyojua Mei wala Agosti. Ukifunga ziwa bila kuwapa hawa cha kushika, watakaoingia majini usiku kwa siri ni hao hao, na watakwenda na nyavu za mbu, ambazo hazimwachi hata aliyezaliwa jana. Serikali nne zilikubaliana tarehe. Zilipaswa kukubaliana pia juu ya chakula.

Na wewe unayefikiria kwenda: nenda baada ya 15 Agosti na kabla ya mvua, wakati wa giza, uchukue na ubao kama unao, kisha uuache Gatete kwa watoto. Nunua ndagala aliyekomaa na umkatae aliye mchanga hata akiwa rahisi, kwa sababu akikosa mnunuzi hana mvuvi. Lala karibu na watu, oga wanapoogea, na kabla ya kukodi mtumbwi muulize mwenyewe kuhusu upepo. Akisema leo hapana, usimwongezee pesa.